Sanduku la Wasomaji: Je, Data Alishinda Kesi Yake?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji waitazame upya sehemu moja ya tamthilia ya Star Trek: The Next Generation, iitwayo "The Measure of a Man", kisha watuandikie maswali yao. Sehemu hiyo, ambayo ni ya 9 katika msimu wa 2, ilirushwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwezi Februari 1989. Kwa faida ya asiyeikumbuka, kisa chake ni hiki. Data, afisa wa chombo cha angani Enterprise, ni roboti mwenye umbo la binadamu, na Dkt. Noonien Soong aliyemuunda hakuacha maelezo ya namna alivyofanikiwa. Mtaalamu mmoja, Bruce Maddox, anawasili na amri ya uhamisho inayompa ruhusa ya kumfungua Data vipande vipande, auchunguze ubongo wake, kisha atengeneze wengine wengi wa aina yake. Data anakataa na kuandika barua ya kujiuzulu, lakini Maddox anadai kwamba kifaa cha jeshi hakiwezi kujiuzulu. Phillipa Louvois, mwanasheria wa kituo wanakotia nanga, anakubaliana na Maddox. Kapteni Picard anapinga, na shauri linafunguliwa.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni karani wa mahakama, na safari hii nimeitazama sehemu hii kwa hasira. Inawezekanaje msaidizi wa kapteni aamriwe kumshtaki rafiki yake, na kapteni mwenyewe awe wakili wa utetezi, mbele ya jaji anayefahamiana naye? – Msomaji, Morogoro*

Hasira yako ina msingi, ndugu yetu, na jambo lenyewe ni baya kuliko ulivyolieleza. Louvois ndiye aliyemshtaki Picard mbele ya mahakama ya kijeshi miaka ya nyuma, baada ya chombo cha Stargazer kupotea, na mazungumzo yao ya mwanzo yanaonyesha wazi kwamba waliwahi pia kupendana. Jaji wa namna hiyo angepaswa kujitoa katika shauri kabla halijatajwa. Tunaelezwa kwamba kituo ni kipya, kwamba ofisi yake haina watumishi, na kwamba kanuni zinawalazimisha maafisa waliopo kuzishika nafasi za mawakili. Ni kisingizio tu cha kuifanya hadithi isonge mbele, nasi tukubali hivyo. Hata hivyo, aliyeiandika sehemu hii, Melinda Snodgrass, alisomea sheria na kuifanya kazi ya uwakili kabla ya kuwa mwandishi, kwa hiyo hakuikiuka taratibu ya mahakama kwa kutoijua. Aliikiuka ili ampate Riker, yule msaidizi wa kapteni.

Riker ndiye mtu wa kumtazama unaporudia. Anapojaribu kukataa kazi ya kumshtaki Data, Louvois anamwambia kwamba bila mwendesha mashtaka hakuna shauri, na kwamba hapo hapo ataamua kuwa Data hana tofauti na kibaniko cha mkate. Kisha anamwonya kwamba akigundua Riker analegeza kamba kwa makusudi, atalimaliza shauri papo hapo. Njia pekee ya kumsaidia rafiki yake, basi, ni kumshambulia kwa uwezo wake wote. Halafu inafuata picha ambayo wengi huipita. Riker ameketi peke yake mbele ya kompyuta, akipitia michoro ya mwili wa Data, mara anaona kwamba kuna swichi ya kumzima. Uso wake unachangamka kwa furaha ya wakili aliyepata hoja ya kushinda, na mara ile ile unasinyaa, kwa sababu ameelewa furaha ile ilikuwa ya nini. Jonathan Frakes anayaigiza yote hayo bila kutamka neno, na kwa maoni yangu ndicho kitendo bora cha uigizaji katika sehemu nzima, kuliko hata hotuba ya Patrick Stewart, anayemwigiza Picard, ambayo watu huinukuu kila mara.

Mahakamani Riker anauondoa mkono wa Data na kuuweka mezani kama kielelezo, kisha anamkaribia kwa nyuma na kumzima huku akiendelea kuzungumza. Data anaangukia meza kama mzigo. Hoja hiyo haikujibiwa moja kwa moja hadi mwisho. Picard mwenyewe anapopewa nafasi anakiri kwamba ndiyo, Data ni mashine, na anaiacha hoja hiyo ipite.

*Kwa nini hadithi ya mahakamani inaanza na mchezo wa karata? Mimi na mume wangu tumebishana: yeye anasema ni kujaza muda, mimi nasema si bure. – Msomaji, Mombasa*

Mshindi ni wewe, dada. Huo ndio mchezo wa kwanza wa poka kuonyeshwa katika tamthilia hiyo, na baadaye uligeuka kuwa desturi ya maafisa wa Enterprise hadi sehemu ya mwisho kabisa ya mwaka 1994. Lakini hapa una kazi maalumu, kwa kuwa ndani yake umo ushahidi wote ambao Data atauhitaji.

Kumbuka kinachotokea. Data amesoma vitabu vya poka na kanuni zake zote anazijua. Riker, asiye na karata ya maana, anaongeza dau kwa uso mkavu, na Data anajitoa mchezoni akiwa na karata zilizo bora. Riker anapozifunua zake, Data anabaki ameduwaa, kwa maana vitabu havikumwandaa kumkabili mtu anayedanganya kwa kunyamaza. Baadaye, Maddox anapomhakikishia kwamba kumbukumbu zake zote zitahamishiwa kwenye kompyuta na kurudishwa bila kupungua, Data anaukumbuka mchezo ule. Anaeleza kwamba kusoma habari za poka na kuketi mezani ni mambo mawili tofauti, na kwamba anahofia kumbukumbu zake zitarudi zikiwa habari tupu, zimekwisha ladha ya saa ile alipoyaishi mambo hayo. Maddox hana jibu la kuridhisha. Angalia pia kwamba Data hakatai kwa kuogopa tu. Kabla ya hapo amemhoji Maddox kwa makini, akabaini kwamba utafiti wake haujakamilika, na pingamizi lake la kwanza ni la mwanasayansi anayekosoa kazi ya mwenzake.

Na kwa kuwa mnapenda kubishana, itazameni tena picha ya Data akifungasha mizigo yake. Anapanga nishani zake, kitabu cha Shakespeare alichopewa na Picard, na picha ndogo ya Tasha Yar, mwenzao aliyekufa. Maddox anaingia chumbani bila hodi, anakichukua kitabu, anasoma mistari ya mwanzo ya soneti ya 29 kwa sauti, kisha anamuuliza Data kama kweli anaielewa maana yake au kwake ni maneno matupu. Data anamjibu kwa kumuuliza kama si desturi kuomba ruhusa kabla ya kuingia chumbani kwa mtu. Kwa msomaji aliyelelewa Pwani, sidhani kama pana haja ya wakili kulieleza jibu hilo.

*Data anasema ubongo wake unafanya hesabu trilioni 60 kwa sekunde. Je, kompyuta za leo zimefika huko? – Msomaji, Arusha*

Zimefika na kupita. Mwaka 1989 idadi hiyo ilitajwa ili kumshangaza mtazamaji. Siku hizi zipo kadi za michoro za kompyuta za michezo, zinazouzwa madukani, ambazo zinaipita. Hesabu hizo si kitu kimoja na hesabu za hadithini, lakini ukitazama upya unaona kwamba mwandishi alifanya busara kutoiegemeza kesi juu ya kasi. Riker ndiye anayemtaka Data azitaje takwimu hizo, akijaribu kuonyesha kwamba mbele yao pameketi mashine.

*Guinan na Picard wanazungumza habari za utumwa. Sisi wa huku tunayo historia yetu ya jambo hilo. Je, mwandishi alikuwa na utumwa upi kichwani? – Msomaji, Unguja*

Alikuwa na kesi ya Marekani. Snodgrass ameeleza kwamba alikuwa akiifikiria hukumu ya Dred Scott ya mwaka 1857. Scott alikuwa mtumwa aliyewahi kuishi na bwana wake katika jimbo la Illinois na katika eneo la Wisconsin, ambako utumwa ulikatazwa, naye akadai mahakamani kwamba kuishi huko kulimfanya kuwa mtu huru. Mahakama Kuu, chini ya Jaji Mkuu Roger Taney, iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani na kwa hiyo hana haki ya kufungua shauri katika mahakama ya shirikisho. Ukilijua hilo, utaielewa vizuri zaidi hatua ya kwanza ya Louvois. Anapofungua vitabu vyake vya sheria hajiulizi kama Data anaumia au anafikiri. Anajiuliza kama sheria inamtambua kuwa mtu awezaye kukataa, na jibu analolikuta ni kwamba yeye ni mali.

Mazungumzo ya Guinan yameandikwa kwa ustadi mkubwa. Picard anakuja baada ya siku mbaya mahakamani, na Guinan, mhudumu wa baa ya Enterprise anayeigizwa na Whoopi Goldberg, hamfundishi kitu. Anasema tu kwamba katika historia ya ulimwengu mwingi wamekuwapo viumbe wa kutupwa, waliofanya kazi chafu ambazo wengine hawakuzitaka kwa ugumu au hatari yake, na kwamba jeshi la akina Data lingekuwa la namna hiyo, ambalo hakuna wa kujali hali yake. Picard ndiye anayelitamka neno utumwa. Guinan anasema hilo ni neno kali kidogo, na Picard anakataa kulilegeza. Maneno ya mwanamke mweusi katika meza ile yana uzito ambao mwandishi hakuhitaji kuueleza, na mwongozaji Robert Scheerer aliyaacha yapite polepole.

Kuhusu historia ya kwenu, upo mfano unaofanana na kesi hii kwa namna ambayo pengine mwandishi hakuijua. Amri ya mwaka 1897 ya Sultani Hamoud bin Mohammed iliuondolea utumwa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba, lakini mtumwa alitakiwa kwenda mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, mmoja mmoja, na masuria waliachwa nje ya utaratibu huo hadi mwaka 1909. Ambaye hakufika mbele ya mahakama alibaki alipokuwa. Naomba ulikumbuke hilo unapolisoma jibu linalofuata.

*Je, Data alishinda? Mjomba wangu anasema kesi hii ilimaliza swali la haki za roboti. Mimi sioni hivyo. – Msomaji, Nairobi*

Nakuunga mkono, na mjomba atuwie radhi. Watazamaji wengi hubaki na hotuba ya Picard kichwani, wakaisahau hukumu. Turudi kwenye hukumu yenyewe.

Maddox alikuwa ametaja vigezo vitatu vya kiumbe mwenye nafsi: akili, kujitambua, na ufahamu. Picard anambana hadi akubali kwamba akili ipo. Kisha anamtaka Data aeleze kinachoendelea pale, na Data anajibu kwamba yuko katika shauri la kuamua haki zake na hadhi yake, haki yake ya kuchagua, pengine na uhai wake. Huko ni kujitambua. Kigezo cha tatu hakikuthibitishwa. Picard alichofanya ni kuuliza, je, na hicho kikiwapo hata kwa kiasi kidogo sana, huyu atakuwa nani? Maddox hajui, na Picard anamgeuzia Louvois swali hilo hilo. Louvois naye halijibu. Anasema kwamba hajui kama Data ana roho, kwamba hajui kama yeye mwenyewe anayo, na kwamba hata hivyo ni lazima ampe Data uhuru wa kulichunguza swali hilo mwenyewe. Anatamka kwamba Data si mali ya Starfleet, jeshi la angani analolitumikia, na kwamba ana haki ya kuchagua. Hakusema kwamba mashine ni watu, wala hakusema lolote juu ya mashine nyingine yoyote. Data alishinda haki ya kukataa, na jambo la kwanza alilolifanya nayo lilikuwa kukataa rasmi kufunguliwa, kisha akamtia moyo Maddox aendelee na utafiti wake, kwa kuwa unamvutia.

Ufinyu huo wa hukumu ndio ninaousifu. Mwandishi mwingine angempa Louvois tangazo la haki za viumbe wote, na hadithi ingeishia hapo ikiwa imetufurahisha. Snodgrass aliacha mlango wazi, na tamthilia zilizofuata zilipita humo. Katika Star Trek: Voyager, sehemu ya "Author, Author" ya mwaka 2001, daktari aliyeundwa kwa mwanga anatambuliwa kuwa msanii mwenye haki juu ya kazi yake, lakini msuluhishi anakataa kuamua kama yeye ni mtu. Picha ya mwisho inawaonyesha madaktari wenzake wa aina ile ile wakichimba madini mgodini. Na katika Star Trek: Picard ya mwaka 2020 tunawakuta wale wale aliowatabiri Guinan, roboti wenye sura za watu wakitumikishwa kwenye karakana za vyombo vya angani huko Mars, huku wafanyakazi wenzao wakiwacheka. Kesi ya Data ilikuwa imekwisha kuamuliwa miaka mingi kabla, wala haikuwasaidia kitu.

*Nimesikia kwamba lipo toleo refu zaidi. Ni kweli? – Msomaji, Muscat*

Ni kweli. Lilitolewa mwaka 2012 katika diski za Blu-ray za msimu wa 2, na linazidi lile la kawaida kwa zaidi ya dakika 10. Nyongeza nyingi ni mazungumzo yaliyokatwa. Mtazamaji wa mara ya kwanza aanze na lile fupi, maana mwendo wake ni mzuri zaidi.

Kwa toleo lijalo tunawaomba wasomaji waitazame "The Offspring" ya mwaka 1990, ambamo Data anamuunda binti yake, Lal, na admirali mmoja wa Starfleet anakuja kumchukua. Aliyeiongoza ni Jonathan Frakes, yule yule aliyemwigiza Riker. Barua zitufikie kabla ya mwisho wa mwezi, na anayetaka kuulizia hukumu ya Louvois aeleze pia kwa nini, kwa maoni yake, admirali huyo hakuiona kuwa ni kizuizi.