Daunriga ya mkono au ya umeme kwa boti ya mita 5?

Ndugu, umeuliza kuhusu daunriga, ile mashine ya kushusha chubwi (uzito) kwa waya ili chambo kifike kina unachotaka. Kama boti ni mita 5 na mara nyingi unavua peke yako, mi nakushauri chukua ya umeme hata ikiwa moja tu, maana samaki akishika we unahangaika na fimbo huku chubwi inajipandisha yenyewe, unabonyeza swichi basi. Ya mkono bei nafuu na haina mambo ya nyaya ila kuzungusha chubwi ya kilo 5 kutoka mita 40 kila saa utachoka mapema. Ukivua juujuu, mita 10 hivi, ya mkono inatosha kabisa.

Angalia sana pa kuifunga. Ubavuni mkono wa daunriga (ile fito inayotokeza nje ya boti) mfupi sawa, nyuma karibu na injini chukua mrefu ili waya usiingie kwenye propela, na chini weka bamba la kuimarisha, faiba tupu itapasuka. Ya umeme iwe na fyuzi yake kutoka kwenye betri. Halafu breki ya daunriga jamani!! chubwi ikinasa kwenye mwamba na breki imekazwa sana boti inavutwa upande, hatari kweli, iache iweze kuteleza kidogo.