Tunaishi mlangoni kwa Jumuiya, Mzigo Wangu Ukakwama Namanga

Wiki iliyopita dada mmoja kaniandikia: "Kaka, sisi wa Arusha ndio wenyeji wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, jiji kila siku linasema liko pamoja na soko la pamoja. Mbona mimi nikitaka kupeleka batiki zangu Nairobi naambiwa nipite njia za panya?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mwenyewe swali hilo liliwahi kunitoa machozi.

Nimekulia mji huu. Mkataba wa Jumuiya ulisainiwa hapa mwaka 1999, itifaki ya umoja wa forodha 2004, ya soko la pamoja 2009. Misafara tumeipisha sana barabarani. Kwa hiyo kichwani mwangu kupeleka mzigo Nairobi ilikuwa kama kupeleka Moshi, na nikaondoka na jozi 120 za sendo za ngozi na orodha niliyoiandika kwa kalamu, basi.

Pale Namanga, mpakani na Kenya, ofisa wa forodha wala hakuwa mkali. Alichukua sendo moja, akaigeuza. Chini ya soli kulikuwa na maandishi ya Kichina.

"Hizi ni za Arusha?"

Nikaanza kujieleza: ngozi ya hapa, shanga tumeshona wenyewe, soli tu ndiyo ya kununua. Kila neno lilizidi kunizamisha. Nikatozwa ushuru kama mtu aliyeleta mzigo kutoka ng'ambo. Wakala niliyempa hela ashughulikie makaratasi akazima simu, na mpaka leo tukikutana mjini anageukia upande wa pili. Sijasahau.

Ndugu zangu, mkataba haukuondolei ushuru kwa kuwa wewe ni Mtanzania. Unauondoa kwa bidhaa iliyothibitika kuzalishwa ndani ya Jumuiya, na uthibitisho wenyewe ni cheti cha uasili. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake kilichorahisishwa, unakipata pale pale mpakani. Mzigo wangu haukufika hata nusu ya kiwango hicho! Sikuuliza. Kosa hilo ni langu, la wakala ni lake.

Na malighafi ya nje si lazima ikuharibie. Kuna kanuni za kupima kazi na thamani uliyoongeza hapa, ila lazima uweze kuionyesha. Siku hizi nina daftari: risiti za ngozi, za soli, malipo ya mafundi, kila kitu. Tunza risiti. Narudia, tunza risiti. Kingine, kinachoondoka ni ushuru wa forodha; kodi ya ongezeko la thamani ya Kenya utaikuta inakusubiri, usije ukapiga kelele dirishani.

Juzi nimevusha mzigo wa nne. Ofisa kaigeuza sendo vile vile, nikamfungulia daftari kabla hajauliza. Niliona raha, sitaficha.

Tatizo letu tunapenda kulalamika kuliko kusoma fomu. Anayepita njia za panya akinyang'anywa mzigo atamshtakia nani? Jiji nalo, kama kweli linaunga mkono biashara huru, liweke mtu sokoni wa kutufundisha kujaza hizo fomu. Bendera tunazo za kutosha.

Dada wa batiki, kitambaa cheupe unakinunua wapi? Kitafutie risiti kwanza, halafu niandikie tena.