Kura ya mvuvi na kura ya mwenye digrii

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mhariri. Mimi niko Langoni, Lamu. Kakangu amerudi na digrii yake na sasa kila tukikaa barazani anasema watu ambao hawakusoma wasipige kura, ati wanahongwa kwa leso na unga. Babetu ni mvuvi, skuli hakuenda, akisikia hivo ananyamaza tu. Kwani bila elimu hakuna demokrasia?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Hapo pa babako kunyamaza ndo pameniuma. Mwambie kakako hilo wazo mkoloni alishalitumia, uchaguzi wa 1957, wa kwanza Waafrika wa Kenya kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, kura ilikuwa ya masharti, wanaangalia umesoma kiasi gani, unapata pesa ngapi, una mali gani, mtu mmoja anaweza kupewa hadi kura tatu na wengine wengi hawana hata moja. Katiba ya 2010 kifungu cha 83 haiulizi cheti cha skuli. Na hongo hata wasomi wanakula, tena kubwa kubwa.

Lakini elimu ina kazi yake, na mfano mko nao hapo hapo Lamu. Ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, megawati 1,050, leseni yake ilifutwa Juni 2019 na mahakama maalum ya mazingira, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, mikutano iliitishwa kabla ya ripoti ya athari kukamilika, sasa watu watatoa maoni juu ya kitu gani? Mvuvi anajua bamvua na maji mafu, anajua samaki wanazaa wapi, hayo hafundishwi na mtu. Alichokosa ni ile ripoti, na ripoti hizi ni makurasa na makurasa ya Kizungu kigumu, hapo ndo msomi wa nyumbani anahitajika akae asome awaeleze wenziwe kwa lugha yao.

Kwa hivo kakako achukue bajeti ya kaunti, atafute wadi yenu, aisome hapo barazani mstari kwa mstari, gati imetengewa ngapi, zahanati ngapi, na babako aulize anachotaka.

Wakinyimwa hiyo bajeti, kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari za serikali, na sheria ya 2016 inataka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Ombi unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Na asiyejua kuandika, kama babako, anaenda mwenyewe anasema kwa mdomo, afisa ndo analazimika kumwandikia na kumpa nakala yake.