Swali la lugha: Je, mauaji ya kimbari "huadhimishwa"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha shule ya msingi hapa Ngara. Kila ifikapo Aprili nasikia redioni, "Rwanda yaadhimisha mauaji ya kimbari." Mke wangu, mzaliwa wa ng'ambo ya Rusumo, husema maneno hayo yanamchoma, kana kwamba kuna watu wanashangilia. Je, ni kosa, au ni yeye tu anayaona hivyo? Na tukitumia "kumbukumbu", tuseme kumbukumbu ya au kumbukumbu za?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Mkeo amesikia sawasawa.

Kitenzi adhimisha kimetokana na adhimu, na adhama ni ndugu yake. Kuadhimisha jambo ni kulitukuza, kulipa hadhi mbele za watu. Ndiyo maana tunaadhimisha uhuru, au miaka 50 ya shule. Ni kweli kwamba matumizi yamepanuka. Siku hizi karibu siku yoyote iliyotengwa rasmi "huadhimishwa", ikiwemo Siku ya Ukimwi Duniani, na hakuna anayedhani kwamba ukimwi unatukuzwa. Lakini hebu tazama shamirisho. Kinachoadhimishwa hapo ni siku. Sijapata kumsikia mtu akisema "leo tunaadhimisha ukimwi."

Hapo ndipo mtangazaji wako alipoteleza. Ameiruka siku na kuyatua maadhimisho juu ya mauaji yenyewe. Angesema "Rwanda yaadhimisha siku ya kuwakumbuka waliouawa", sentensi ingesimama. Najua wahariri watasema kichwa cha habari hakina nafasi. Basi waandike "yakumbuka", ambalo ni fupi kuliko "yaadhimisha".

Wanyarwanda wenyewe wamelitenganisha jambo hili vizuri. Kinachoanza Aprili 7 wanakiita Kwibuka, yaani kukumbuka, na juma lake la kwanza ni icyunamo, maombolezo. Bendera hupepea nusu mlingoti na muziki wa starehe hunyamazishwa. Julai 4 ndiyo siku ya Kwibohora, kujikomboa, na hiyo sioni ubaya ikiadhimishwa, hata ikisherehekewa.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali, kwa sababu Aprili 7 hiyohiyo ni Siku ya Karume kwetu. Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa kwa risasi Aprili 7, 1972, pale Kisiwandui, na kila mwaka viongozi na wananchi hukusanyika hapohapo kumsomea hitma na kumwombea dua. Matangazo yake husema hitma, dua, kumbukumbu. Atakayeandika "sherehe za Karume" atarekebishwa kabla hajamaliza kuandika. Ila Januari 12, kwenye gwaride na wimbo wa taifa, jina rasmi ni Sherehe za Mapinduzi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua neno, jiulize siku hiyo watu hufanya nini: hupiga gwaride au husoma hitma?

Januari 12 ina ugumu wake, hata hivyo. Ziko familia, Unguja kwenyewe na hata Muscat, ambazo mwaka 1964 zilipoteza ndugu na nyumba. Kwao siku hiyo haina sherehe, na wapo wanaolikataa hata neno mapinduzi, wakasema mavamizi. Wengine huona kwamba kuitaja siku hiyo bila neno sherehe ni kuwavunjia heshima waliopigania haki zao. Mwandishi afanyeje? Kwa maoni yangu, anayeripoti shughuli ya serikali aiite kwa jina ililopewa na wenyewe. Anapozungumza kwa sauti yake, mbele ya hadhira iliyochanganyika, kukumbuka ndicho kitenzi kisichomfukuza mtu. Aliyeshinda hukumbuka, na aliyefiwa hukumbuka.

Umeuliza kuhusu kitenzi kimoja, ila darasani kwako yapo maneno mengine yanayochoma zaidi. "Machafuko ya Rwanda" ni mojawapo, na "vita vya kikabila" ni jingine. Mwaka 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaja upya siku hiyo, likabainisha kwamba ni mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Na hapa kwetu Arusha ndipo ilipokaa mahakama ya kimataifa iliyomtia hatiani Jean-Paul Akayesu, Septemba 1998, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo. Jambo lililothibitishwa mahakamani haliitwi machafuko. Vivyo hivyo "waliofariki". Mtu hufariki kwa malaria au kwa uzee. Hawa waliuawa, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuambiwa hivyo.

Kuhusu Gisozi, jijini Kigali, wengi huandika "makumbusho". Si kosa, maana maonyesho yapo. Lakini pale wamezikwa watu zaidi ya 250,000, na wapo wanaokwenda kuweka maua kwa wazazi wao, si kutazama vitu vya kale. Mimi huandika eneo la kumbukumbu. Songea, wanakokumbukwa mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906, utasikia pia neno kumbukizi. Limeshazoeleka, litumie ukipenda.

Sasa ya au za. Kumbukumbu iko ngeli ya I-ZI, kwa hiyo umbo halibadiliki, kinachobadilika ni upatanisho. Tukio moja ni kumbukumbu ya: "kumbukumbu ya miaka 30 ya mauaji ya kimbari ilifanyika Kigali." Yale anayoyabeba mkeo kichwani ni kumbukumbu zake. Na zile za kikao cha walimu, mnazosaini mwishoni, ni za pia, hata kama kikao kilikuwa kimoja na hakikuamua kitu.