Kubaki Ughaibuni au Kurudi Kigoma: Ya Kujua Kabla Hujaulizwa

Swali la "utarudi lini?" litaanza kukufuata kabla hata hujazoea baridi. Mama atauliza kwa upole, mjomba atauliza kwa sababu ana kiwanja Mwandiga anataka ukinunue, nawe utajiuliza ukitoka zamu ya usiku. Mdogo wangu, usiwe na haraka ya kujibu. Jibu la miaka ya mwanzo ni la upweke tu, au la mshahara wa kwanza. Kazi yako kwa sasa ni kuangalia usifanye jambo lisilorekebishika, ili siku ukiamua kweli, uamue ukiwa na nafasi ya kuchagua.

Nimelea wazee Uingereza miaka mingi. Sasa nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanga, mjini Kigoma, kwa hiyo naona pesa zinakotoka na naona pia zinakoishia.

Anza kwa kuijua nchi uliyopo, maana si kila nchi inakupa hiari. Kama uko Oman, na watu wa Ujiji na Tabora wenye ndugu kule ni wengi, ukaazi wako umefungwa kwenye ajira. Kazi ikiisha, safari ya kurudi inaanza hata kama hukuipanga. Huko suala la kubaki halipo kwa mfanyakazi wa kawaida. Hesabu akiba tangu mwezi wa kwanza, na ujue haki yako ya kiinua mgongo: sheria yao ya kazi ya mwaka 2023 inakupa mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi. Mshahara wa msingi, siyo jumla pamoja na posho. Soma mkataba uone msingi umeandikwa kiasi gani.

Uingereza ni habari nyingine. Kwa viza nyingi za kazi, utaratibu uliozoeleka umekuwa kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 5, ila mwaka 2025 serikali yao ilitangaza nia ya kuirefusha kuwa 10, kwa hiyo usijenge mipango juu ya hesabu aliyokupa rafiki yako wa zamani. Ukishaupata, ukikaa nje ya nchi zaidi ya miaka 2 mfululizo, ukaazi huo unafutika. Kanada mkaazi wa kudumu anatakiwa awe amekaa nchini siku 730 katika kila miaka 5. Marekani, ukitoka zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea, kadi yako ya ukaazi iko hatarini. Nazitaja namba hizi kwa sababu moja: zinakuonyesha una muda gani wa kurudi nyumbani kwa majaribio. Wengi hawajui kwamba hiyo njia ya kati ipo. Wanauza kila kitu, wanaaga, wanafanyiwa sherehe, halafu baada ya miezi wanatafuta pa kukimbilia na karatasi imekwisha.

Pasipoti ndiyo jambo la kuogopa zaidi. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaupoteza wa Tanzania. Wapo wanaoficha, wanatembea na mbili. Dar labda utapita. Kigoma ni mkoa wa mpakani. Hapa hata asiyewahi kuvuka Malagarasi anaulizwa babu yake kazikwa wapi, na kupata namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kwa wengine imekuwa safari ndefu. Usije na pasipoti ya kigeni mfukoni ukategemea kwamba Kiha chako kitakutetea, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi yaliyoleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Ni hatua nzuri, ila siyo uraia. Kwa maoni yangu, kwa wengi wenu ukaazi wa kudumu unatosha, na pasipoti ya bluu ya Tanzania ibaki hai. Cheti cha kuzaliwa na NIDA vishughulikie ukija likizo, bibi na wazee wa mtaa wanaokufahamu wakiwa bado wapo.

Sasa nyumba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili naliona kila wiki. Kijana anaingia dukani na simu sikioni, kaka yake yuko ng'ambo upande wa pili. Anachukua saruji mifuko 40, anakata simu, anashusha sauti: "Mama, niandikie 60." Nikikataa ananuna, anakwenda duka jingine. Simlaumu sana, naye ana njaa yake, na kaka hakumpa hata nauli ya kusimamia. Mlipe msimamizi posho inayojulikana. Vifaa lipa moja kwa moja dukani, dai risiti ya mashine itumwe kwako, na mwambie fundi akupigie simu ya video siku ya kushusha mzigo, siyo siku ya kumaliza ukuta. Kiwanja usilipie kwa sababu ya picha. Kipimwe, majirani wa mipaka waitwe, mwenyekiti wa mtaa ahusike, na jina liwe lako.

Ukitaka kujua kama utaweza kuishi hapa, usije Desemba. Desemba kila mtu yuko mjini, migebuka inachomwa, na wewe ndiye mgeni wa heshima. Njoo Januari ya ada za shule, au Machi mvua zikiwa zimekolea. Panga foleni benki, ugua malaria kidogo (Mungu aepushe), uone inakuwaje.

Biashara nayo iangalie kwa macho ya huku. Mtu anarudi na pesa ya chombo cha dagaa, kapiga hesabu ya miezi 12 ya kuvua. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili lipumzike. Mwenye mkopo hakupumzika.

Pensheni, kwa ufupi: Uingereza unahitaji walau miaka 10 ya michango ndipo upate chochote cha serikali, kwa hiyo anayerudi akiwa na 9 aulize kwanza namna ya kujazia. Inalipwa hata ukiwa Kigoma, lakini haipandi kama inavyopanda kwa walioko kule. Kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa hapa Tanzania, ni michango ya miezi 180, na mtu anaweza kujichangia kwa hiari.

Wenye watoto, ninyi mna saa yenu. Mtoto wa miaka 6 utamhamisha akalia wiki moja. Wa miaka 14 atakuwa na maoni, na mara nyingi ana haki ya kuwa nayo. Sema naye Kiswahili tangu sasa. Na kama amepata uraia wa kule, Tanzania itamtaka achague akifika miaka 18, basi jambo hilo mlizungumze mezani akiwa bado na 15, siyo wiki ya kujaza fomu.