Swali Kwanza, Dodoso Baadaye

Utafiti wangu wa kwanza wa saikolojia niliuanza kwa kuandika dodoso. Lilikuwa na maswali 42 kuhusu usingizi, matumizi ya simu na umakini wa wanafunzi wanaposoma, nami niliwagawia watu 60 kabla sijaandika popote sentensi hata moja inayoeleza nilitaka kujua nini hasa. Majibu yaliporudi niliyajumlisha, nikachora majedwali, nikayapeleka kwa msimamizi wangu nikitarajia pongezi. Aliyapitia kimya hadi ukurasa wa mwisho, kisha akaniuliza: "Hapa umepima usingizi wao, au umepima wanavyoufikiria usingizi wao?" Sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo, kwa yeyote anayejiandaa kufanya utafiti wake wa kwanza, ushauri wangu ni kwamba usiguse dodoso wala usitafute watafitiwa mpaka swali lako limenyooka, kwa sababu swali ndilo linalochagua mbinu. Ukiuliza kama wanaotumia simu usiku hulala muda mfupi zaidi, unatafuta uhusiano, na vipimo viwili kwa kila mtu vinaweza kutosha. Ukiuliza kama kuiweka simu kando kabla ya kulala humwongezea mtu uwezo wa kukumbuka, sasa unatafuta chanzo, na hapo huna budi kufanya jaribio. Ukitaka kuelewa mtu anapitia nini anapojaribu kuachana na simu, kaa naye umhoji kwa utulivu, kwa kuwa hakuna kisanduku cha kuweka alama ya vema kitakachokueleza hilo. Maswali haya matatu yanafanana kwa sura, na mimi niliyachanganya yote katika dodoso moja.

Kosa linalofuata ni kuuita uhusiano chanzo. Katika majedwali yangu, waliotumia simu sana ndio waliosema wanalala vibaya, nami nikaandika kwamba simu huharibu usingizi. Lakini huenda wasiolala ndio wanaoshika simu ili usiku upite, au hofu ya mitihani ndiyo inayoleta yote mawili. Jaribio huondoa sehemu kubwa ya utata huu kwa kuwa mtafiti mwenyewe hubadilisha jambo moja na kuwapanga washiriki katika makundi kwa bahati nasibu, ili tofauti zao nyingine zisielemee upande mmoja. Angalia pia usichanganye upangaji huo na uteuzi wa sampuli, yaani watu wachache wanaochukuliwa kuwakilisha kundi kubwa, kwa bahati nasibu: wa kwanza unakusaidia kusema nini kimesababisha nini, wa pili unakusaidia kusema matokeo yako yanawahusu nani zaidi ya wale uliowapima.

Dodoso silidharau, ila limejaa mitego. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kubamizana walikadiria takriban maili 40 kwa saa, ilhali walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kugusana walikadiria takriban 32. Filamu zilikuwa zilezile. Nilipoyarudia maswali yangu baada ya kusoma habari hiyo, nilikuta moja limeandikwa "Je, huoni kwamba simu inakuharibia usingizi?", yaani jibu nilikwisha kulitia mdomoni mwa mtu.

Kuna pia pengo kati ya kauli na tendo. Mwanasosholojia Richard LaPiere aliandika mwaka 1934 jinsi alivyosafiri Marekani pamoja na wanandoa Wachina, wakapitia hoteli na migahawa 251, wakakataliwa mara moja tu. Alipowaandikia baadaye wenye sehemu hizo, zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema wasingewapokea wageni Wachina. Utafiti huo una udhaifu wake, kwani aliyejibu barua huenda si yule aliyewapokea mlangoni, lakini tangu niusome siamini tena kwamba mtu akiniambia analala kwa muda wa saa nane basi ndivyo anavyolala.

Mara ya pili nililijaribisha dodoso kwa watu watano tu, nikaketi karibu nao wakati wanajaza. Mmoja alifika swali la saba, kalamu ikasimama. Akalisoma tena, akaniangalia, akauliza, "Nalala vya kutosha, lakini naamka nimechoka. Nijibu ndiyo au hapana?" Nilikuwa nimeunganisha maswali mawili kwa neno "na", na katika dodoso la kwanza watu 60 walikuwa wamelijibu hivyohivyo bila mimi kujua kila mmoja alijibu nusu ipi. Asubuhi ile moja ilinifundisha zaidi ya majedwali yangu yote.

Ukichagua kushuhudia tabia kwa macho, jihadhari na nafsi yako. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi Hans, aliyesifika Ujerumani kwa kujua hesabu, alikuwa akifuata mabadiliko madogo ya mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakuyatambua. Muulizaji asipojua jibu, farasi naye alishindwa. Ndiyo maana siku hizi humwomba mwenzangu asiyejua ninachokitarajia aangalie tabia ileile na kuandika peke yake, kisha tunalinganisha.

Jambo jingine ni kuandika mapema, kabla ya data kuingia, utachambua nini na kwa njia gani. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, na ni takriban theluthi moja tu zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya kubahatisha tu. Sababu ni nyingi, mojawapo ikiwa ni mazoea ya kuipekua data mpaka itoe kitu. Katika utafiti wangu wa pili niliandika mpango huo kwenye ukurasa mmoja, nikaweka tarehe. Nadharia tete yangu, yaani jibu nililolitarajia kabla ya kupima, haikuthibitika, na safari hii niliripoti hivyohivyo. Dodoso lenyewe lilikuwa limebaki na maswali 11.