Tanki la matumbawe la lita 200, uanze na vifaa gani

Mkuu umeuliza kwa tanki la lita 200 la kufugia matumbawe na samaki wa baharini pesa iende wapi kwanza, taa au skima (kile kifaa cha kutoa uchafu majini kwa mapovu). Mi nasema wala sio hivyo viwili, anza na maji. Maji ya bomba yanaweza kuwa na shaba na fosfeti, shaba inaua kamba na konokono hata ikiwa kidogo tu, fosfeti nayo inakulishia mwani, kwa hiyo chukua filta ya RO/DI (inayochuja maji mpaka yabaki karibu matupu) mapema pamoja na refraktomita ya kupimia chumvi, lenga 35 ppt (gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji) na joto nyuzi 25 au 26 hivi.

Hita weka mbili ndogo badala ya moja kubwa, maana ikigoma kuzima ile kubwa inakupikia kila kitu humo ndani. Pampu za mawimbi nazo mbili zitazamane, maji yagongane. Skima inasaidia ila ukianza na samaki wachache na unabadilisha maji kila wiki inaweza kusubiri. Taa, LED ya wastani inatosha matumbawe laini, yale magumu ya matawi achana nayo kwa sasa.

Halafu maji yakipungua kwa mvuke jazia yale ya RO/DI yasiyo na chumvi, chumvi haiondoki na mvuke. Samaki usiweke mpaka amonia na naitraiti (sumu za tanki jipya ambazo bakteria bado hawajazimaliza) zisome sifuri, mara nyingi wiki 4 hadi 6, hapo ni subira tu. Na waya zote zining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, tone likiteremka lidondokee sakafuni sio kwenye umeme.